Lupita Hakudondoka Kutoka Mbinguni

Msomaji mpenzi, kuna swali ambalo huulizwa kila mwaka wakati wa kuchagua masomo, na jibu lake huwa limeshaandaliwa na wakubwa kabla mtoto hajafungua kinywa. Unataka kuwa nani maishani? Daktari. Mhandisi. Wakili. Mhasibu. Mambo yakienda mrama kabisa, basi mwalimu. Sasa hebu jaribu kusema unataka kuwa mwigizaji, uone moto utakaowaka! Mama atacheka akidhani ni mzaha. Baba atauliza kama hiyo ndiyo sababu aliuza ndama akalipa karo. Shangazi naye atakukumbusha kwamba kuigiza si kazi bali ni mchezo wa siku ya wazazi. Watu wakishapiga makofi, kila mmoja arudi kwa vitabu vyake.

Maoni yangu ni kwamba hapo wazazi wetu wamekosea, ingawa hawakukosea kote. Ili nisionekane mtu wa porojo, nitachukua mfano wa mtu mmoja ambaye kila Mkenya anamjua kwa jina na wachache wanaijua njia yake. Mtu huyo ni Lupita Nyong'o.

Asubuhi ya tarehe 3 Machi 2014, saa za huku kwetu, Wakenya waliamka wakipashana habari kwamba binti wa Kenya amenyakua tuzo ya Oscar huko Marekani. Alikuwa ametimiza miaka 31 siku moja tu kabla ya sherehe ile. Alishinda akiwa mwigizaji msaidizi wa kike katika filamu 12 Years a Slave, ambamo aliigiza mtumwa aitwaye Patsey. Hakuna mwigizaji wa Kenya aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Aliposhika kile kisanamu cha dhahabu aliwaambia watoto wa dunia nzima kwamba popote wanapotoka, ndoto zao ni halali. Basi ikawa wimbo. Maneno yale yakabandikwa kwenye kuta za shule na vioo vya matatu.

Jamani, maneno yale ni mazuri, lakini yametudanganya kidogo. Si kwamba Lupita alisema uwongo, la hasha. Shida ni kwamba sisi tulisikia neno "ndoto" tukaziba masikio, tusisikie kazi iliyokuwa nyuma yake. Wengi wetu tunaamini kwamba alilala msichana wa kawaida akaamka nyota. Hebu tuihesabu ile njia hatua kwa hatua.

Lupita alizaliwa Mexico mwaka wa 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko. Familia ikarudi Kenya naye akiwa angali mtoto mchanga. Akakulia Nairobi. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alipewa nafasi ya Juliet katika mchezo wa Shakespeare, Romeo and Juliet, na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Miaka 14, msomaji mpenzi! Huo ndio umri wa mwanafunzi anayeingia sekondari akiwa bado anatafuta bweni lake liko wapi. Tangu siku ile ya Juliet hadi ile ya Oscar ni miaka 17. Mkulima wa kahawa wa hapa Tetu anajua kwamba mche wa mbuni haumpi kitu mwaka anaoupanda. Huupalilia na kuukata matawi, akangoja miaka mitatu hivi ndipo aone tunda. Lupita alingoja mara tano ya hiyo na zaidi.

Alikwenda Marekani kusomea mambo ya filamu na tamthilia katika chuo cha Hampshire. Lakini usidhani alipokuja nyumbani alikuja na miwani meusi kukaa kwenye kiti cha nyota. Filamu The Constant Gardener ilipokuja kupigwa hapa Kenya, yeye alikuwa mmoja wa vijana wa kutumwatumwa. Lete hiki, peleka kile, mwite fulani. Amesimulia mwenyewe kwamba huko ndiko alikokutana na mwigizaji Mwingereza Ralph Fiennes, akamweleza kwamba angependa kuigiza. Fiennes akamshauri aifanye kazi hiyo ikiwa tu hawezi kuishi bila kuifanya. Si maneno ya kumbembeleza mtu hayo!

Na hapa pana jambo ambalo hunifurahisha sana. Filamu hiyo ilitoka mwaka wa 2005. Mwaka wa 2006, mwigizaji wake mkuu wa kike, Rachel Weisz, alipewa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Miaka minane baadaye tuzo ile ile, ya kiwango kile kile, ikaenda kwa yule msichana aliyekuwa akitumwatumwa nyuma ya kamera. Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza chanda hicho kilibeba mizigo.

Hakukomea hapo. Mwaka wa 2009 alitoa filamu yake ya hali halisi, In My Genes, kuhusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Aliiandika, akaiongoza, akaihariri. Mwaka huo huo akaigiza katika Shuga, ule mfululizo wa runinga uliopigwa Nairobi ukiwaonya vijana juu ya Ukimwi. Wengi waliomwona wakati huo walimwona kama msichana mwingine tu wa runinga. Yeye naye hakutosheka. Badala ya kuridhika na umaarufu wa mtaani, alirudi darasani. Aliingia shule ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Yale, akasomea uigizaji kwa shahada ya uzamili, akamaliza mwaka wa 2012. Alikuwa karibu kumaliza alipopewa nafasi ya Patsey na mwelekezi Steve McQueen, aliyekuwa ametazama mamia kwa mamia ya waigizaji wengine.

Kwa hivyo hebu tuulize: huko Yale walikuwa wakimfundisha nini miaka hiyo yote? Kulia? Kucheka? Mtoto mchanga si anajua kulia na kucheka? Naam, hapa ndipo wengi wetu tunapotelezea. Mwigizaji husomea sauti, jinsi ya kuituma hadi safu ya mwisho bila kuipasua koo. Husomea mwili, kwamba mzee hatembei kama kijana na mwenye njaa hakai kama mwenye shibe. Husomea lafudhi na historia ya watu atakaowaigiza. Patsey alikuwa mtu wa kweli. Habari zake zilisimuliwa na Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa akauzwa utumwani, katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1853. Kumrudishia utu mwanamke aliyepigwa mijeledi zaidi ya karne moja na nusu iliyopita si kazi ya kubahatisha. Anayesema kuigiza ni mchezo na ajaribu kusimama mbele ya watu mia tano dakika kumi tu bila kusahau maneno.

Baada ya Oscar angeweza kubweteka. Amesema kwamba aliletewa nafasi nyingine za kuigiza watumwa, kana kwamba dunia haikuona kitu kingine cha kufanya na uso mweusi. Hakuzikimbilia. Alikwenda jukwaani kuigiza Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia, iliyofika Broadway mwaka wa 2016. Mwaka huo pia akaigiza mama mchuuzi wa Kampala katika Queen of Katwe, filamu ya yule msichana wa mtaa wa mabanda aliyekuwa bingwa wa sataranji. Kisha Black Panther mwaka wa 2018, halafu Us mwaka wa 2019, ambamo aliigiza watu wawili, na kila mmoja ana sauti yake na mwendo wake. Mwaka wa 2024 aliongoza jopo la waamuzi wa tamasha la filamu la Berlin huko Ujerumani. Vilevile aliandika kitabu cha watoto, Sulwe, mwaka wa 2019, kuhusu msichana anayeteseka kwa kuwa mweusi kuliko wenzake. Sulwe ni nyota kwa Kijaluo. Katika nchi ambamo madukani bado kuna mikebe ya kujichubua ngozi, hicho si kitabu cha watoto peke yao.

Sasa najua kuna msomaji mmoja amekunja uso. Anasema: "Wewe unatuchezea. Lupita ni mtoto wa profesa, waziri, seneta, sasa gavana wa Kisumu. Alisomeshwa ng'ambo. Sisi baba zetu wana mashina mia mbili ya kahawa na ng'ombe mmoja. Yale tutafika na nini, na matatu ya Giakanja?"

Swali hilo ni zuri na halifai kuzungukwa. Ni kweli. Mtoto wa tajiri akijikwaa huangukia godoro, mtoto wa maskini huangukia mawe. Ukimwambia binti wa mchuma majani chai kwamba ndoto yake ni halali halafu usimwonyeshe ngazi, umemkejeli. Hapo ndipo wazazi wetu hawakukosea. Hofu yao si ujinga. Wameona vijana walioacha shule wakakimbilia Nairobi kuwa nyota wakaishia mitaani. Hata filamu yetu wenyewe, Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012, inamwonyesha Mwas, kijana wa mashambani aliyekwenda jijini kutafuta uigizaji, akaibiwa siku ile ile aliyofika na kuishia katika kundi la wezi.

Lakini dawa ya hofu si kufunga mlango. Kwanza, mambo mengine yamebadilika. Shule ile ile ya tamthilia ya Yale, tangu mwaka wa 2021, haitozi karo mwanafunzi yeyote, baada ya kupata msaada wa dola milioni 150. Bado kuna nauli na chakula, na kuingia ni kama kupenya tundu la sindano, lakini huwezi tena kusema ni mlango wa matajiri peke yao. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, njia ya Lupita si njia pekee.

Mtazame Mama Kayai. Jina lake ni Mary Khavere. Huyu hakwenda Hollywood. Kwa miongo kadhaa aliingia sebuleni mwetu kupitia Vitimbi cha KBC, akiwa mke wa Mzee Ojwang', akigomba, akicheka, akimweka mzee wake mahali pake. Wazazi wetu, na hata nyanya zetu ambao Kiswahili chao ni cha kuombea maji, walimwelewa. Nathubutu kusema kwamba Vitimbi na Vioja Mahakamani vimefundisha Kiswahili katika vijiji vya Nyeri kuliko vitabu vingi vya sarufi. Na yule Mzee Ojwang' ambaye watu wengi waliamini ni Mjaluo wa kuzaliwa, kumbe alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu! Huo ndio ufundi wa uigizaji. Uliwafanya Wakenya wa kila kabila wamcheke na kumpenda mtu mmoja wakati wanasiasa walikuwa wakiwafundisha kuogopana.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Miaka michache kabla ya kufariki kwake, Julai 2015, ilibidi Wakenya wachange pesa ili Mzee Ojwang' atibiwe macho. Mtu aliyechekesha taifa zima maisha yake yote! Je, hiyo si aibu? Kwa hivyo mzazi anayeuliza "utakula nini?" anastahili jibu la heshima, sio kuzomewa. Jibu langu ni hili: shida ya Mzee Ojwang' haikuwa kukosa kipaji, wala kukosa watazamaji. Kazi yake haikuheshimiwa kama kazi. Na kazi haiwezi kuheshimiwa na nchi ikiwa kwanza sisi wenyewe nyumbani tunaiita mchezo. Ukiita kitu mchezo, utakilipa kama mchezo. Daktari humwambii aje atibu bure "kwa kuonyesha kipaji chake", lakini mwigizaji huambiwa hivyo kila siku.

Kuna sababu nyingine ya mimi kushikilia jambo hili. Tusipoigiza hadithi zetu wenyewe, wengine watatuigizia. Filamu The First Grader ya mwaka wa 2010 inasimulia habari za Kimani Maruge, mzee aliyepigania uhuru kisha akaingia darasa la kwanza akiwa na zaidi ya miaka 80. Maruge aliigizwa na Mkenya, Oliver Litondo, na kwa kweli alifanya kazi safi. Lakini yule mwalimu wa kike, mwalimu wa Kikenya katika shule ya Kikenya, aliigizwa na Naomie Harris kutoka Uingereza. Sina ugomvi na Naomie Harris. Ni hodari. Swali langu ni hili: hivi kweli katika Kenya nzima hakukuwa na mwanamke ambaye angeigiza mwalimu? Ama alikuwako, ila alipokuwa mwanafunzi aliambiwa aache mchezo arudi kwa vitabu?

Na sisi wa Giakanja tuna deni zaidi ya wengine. Hii ni Tetu. Dedan Kimathi alitoka huku. Wazee wetu walikwenda katika msitu wa Nyandarua, na mama zetu wakawapelekea chakula na risasi wakizificha vikapuni. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, huyu wa pili akiwa binti wa Kirinyaga, waliandika tamthilia juu ya kesi ya Kimathi, ikaonyeshwa katika ukumbi wa taifa Nairobi mwaka wa 1976. Kwa Kiswahili inaitwa Mzalendo Kimathi. Katika tamthilia hiyo nguzo mojawapo ni mhusika aitwaye Mwanamke. Nani ataigiza Mwanamke huyo katika filamu itakayopigwa siku moja katika misitu hii? Je, itabidi tumwagize kutoka London?

Hebu sasa tuje kwa mambo ya leo. Mtaala mpya umegawa sekondari ya juu katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Ndani ya mkondo wa tatu kuna somo la tamthilia na filamu. Kwa mara ya kwanza serikali yenyewe inakubali kwamba kuigiza kunasomwa na kutahiniwa. Lakini tazama wazazi wanavyouangalia mkondo huo. Ni kama jalala la kutupia watoto walioshindwa na hesabu! Shule nazo nyingi hazina jukwaa, taa wala mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Tukiuacha hivyo, miaka kumi ijayo watasema, "Mnaona? Tuliwaambia sanaa haina maana." Kumbe mbegu iliyopandwa kwenye mwamba imelaumiwa kwa kutoota.

Basi napendekeza nini? Yangu ni manne.

Kwanza, wazazi msikatae, wala msikubali bure. Mtoto akisema anataka kuigiza, muulize maswali yale yale ambayo ungemwuliza anayetaka udaktari: unafanya nini kila juma ili uwe hodari? Asiye na jibu ni mvivu. Mwenye jibu mpe nafasi. Na masomo mengine asiyaache. Lupita hakuacha shule ili aigize. Alisoma ili aigize.

Pili, shule zisikumbuke drama wiki tatu tu kabla ya tamasha za wilaya kisha mavazi yakatupwa stoo hadi mwaka ujao. Chama chetu cha Kiswahili kiwe na mchezo mmoja kila muhula, hata kama watazamaji ni wapishi na mlinzi wa lango. Tuandike wenyewe kuhusu mambo ya hapa: bei ya kahawa, pombe haramu inayomaliza vijana wetu, ugomvi wa mashamba ya marehemu. Kiswahili kitakachotoka humo hakitakuwa cha kukariri.

Tatu, tujifunze kazi za nyuma ya pazia. Si kila mtu ni Juliet. Filamu moja huhitaji mwandishi, mpiga picha, wa sauti, wa taa, fundi wa nguo, mhariri na mpishi wa kuwalisha wote hao. Ukiwa huwezi kukariri mistari lakini una jicho la picha, riziki yako iko hapo. Simu iliyo mfukoni mwa kaka yako inapiga picha bora kuliko kamera nyingi za zamani. Tazama wale wa Riverwood, kina Machang'i na Kihenjo, waliopiga vichekesho vya Kikuyu kwa pesa kidogo wakaviuza hadi kila kibanda cha video mlimani.

Nne, anayetaka kazi hii na ajifunze hesabu na sheria. Naam, hesabu! Asome mkataba kabla ya kutia sahihi, ajue haki zake kila kazi yake inaporudiwa hewani, aweke akiba. Laiti waigizaji wetu wa kale wangelindwa na karatasi nzuri, pengine wengine hawangesubiri harambee.

Mwenzangu unayesoma haya, sikuambii utakuwa Lupita. Pengine hutakuwa. Wengi wanaosomea udaktari pia hawawi madaktari bingwa, na hakuna anayewacheka kwa kujaribu. Ninachokuambia ni kwamba usipumbazwe na tuzo ukasahau ule utumwatumwa nyuma ya kamera. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Msichana wa miaka 14 alisimama jukwaani Nairobi akiwa amekariri mistari yake yote, na hakuna aliyekuwa akimpigia picha ya gazeti. Kama unataka njia hiyo, anzia hapo: chukua tamthilia moja iliyo maktabani, chagua mhusika, ukariri ukurasa mzima kabla ya mkutano ujao wa chama, kisha uje utuonyeshe.